Kabla Haijasema Imechoka

Betri ya lipo haitoi dalili mapema. Seli moja ikijaa husoma volti 4.2, kisha hukaa karibu na 3.7 muda mrefu, utadhani haina shida. Ikishapita 3.5 huporomoka ghafla. Ukiifikisha chini ya 3.0 umeiharibu. Ndiyo maana hapa Sindeni narusha kindege changu cha umeme kwa kengele ya simu: dakika sita. Ikilia natua, hata kama bado kinakata vizuri juu ya mahindi.

“We mjukuu, mbona bado kina nguvu?” Bibi huuliza.

“Ndiyo wakati wake huo, Bibi.”

Hucheka, akarudi kwenye jembe. Ana miaka 78, na sijawahi kumsikia akisema amechoka. Msimu huu nimemtegea kengele na yeye. Ikifika saa nne, jembe nalichukua mimi.