Kura ya bamdogo na hesabu zangu za mikoa



Samahanini kwa ukimya. Krismasi ya 2025 nilikuwa nyumbani Ludewa, na kule mambo ya kompyuta niliyaweka pembeni. Nimerudi na jambo moja ambalo halinitoki kichwani, nikaona bora niliandike.

Mnaoijua safari hiyo mnajua ilivyo ndefu. Kutoka Dar unafika Makambako umechoka, pale wa Mbeya wanaendelea na lami yao, sisi tunakata kushoto kwenda Njombe, halafu Ludewa. Siku hizi kipande cha zege cha Lusitu hadi Mawengi kimetuokoa na utelezi. Njia nzima nilikuwa napanga hoja ya kumshinda bamdogo.

Bamdogo ni mdogo wake marehemu baba. Analima mahindi, na redio haimtoki mkononi. Tangu nianze uandishi wa habari kila nikienda ananikalisha, ulanzi mezani, ananiuliza: "Haya mwandishi, mjini wanasemaje?"

Safari hii nilikuwa na jibu. Novemba 2024 nilikesha kazini tukifuatilia uchaguzi wa Marekani, na utaratibu wao ukanikaa. Kule rais anachaguliwa na wajumbe 538, akifikisha 270 ameshinda. Karibu kila jimbo linampa mshindi wa pale wajumbe wake wote. Ndiyo maana mwaka 2000 Al Gore alimzidi George W. Bush kwa kura zaidi ya laki tano nchi nzima, akakosa urais. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa karibu milioni 2.9, naye akakosa. Wapo wanaotaka kulimaliza hilo kwa makubaliano: majimbo yampe wajumbe wao yule aliyeongoza kwa kura za nchi nzima, hata kama jimboni kwao alishindwa. Maryland ilianza mwaka 2007. Kufikia 2024 yalikuwa majimbo 17 pamoja na Washington DC, wajumbe 209, na makubaliano hayaanzi kazi mpaka wafike 270.

Mimi nilikuwa upande wa utaratibu wa zamani. Nilimwambia bamdogo: sensa ya 2022 imehesabu watu 5,383,728 Dar, mkoa wetu wa Njombe ni 889,946. Mgombea mwenye akili atahangaika na nani? Chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma tunavisikia kila kampeni, tukishapiga kura kimya. Sasa kila mkoa ungepewa kura zake, na mikoa midogo ikaongezewa kidogo, wangetuheshimu.

Bamdogo akanywa, akaweka kopo chini.

"Mwanangu, hapa Ludewa nani huwa anashinda urais?"

Nikamwambia CCM, anajua.

"Na Njombe yote?"

CCM.

"Basi hizo kura za mkoa wako zote zingekwenda huko kabla kampeni hazijaanza. Wa kwao asingekuja, anazo tayari. Wa upinzani asingekuja, hazipati. Na mimi je?"

Nikanyamaza. Na kweli ndivyo ilivyo Marekani: wagombea wanamaliza viatu Pennsylvania na majimbo machache ambayo hayajulikani yataangukia wapi. Udogo wa jimbo hauwavuti kitu.

Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni. Ndani kadi yake ya mpiga kura ya 2015, ile ya BVR. Mtakumbuka uandikishaji ule ulianzia mkoani kwetu, Makambako, Februari 2015. Akasema, "Mwaka ule niliyemchagua hapa hakushinda. Lakini nilihesabiwa."

Ni kweli. Dk. Magufuli alitangazwa na kura 8,882,935 na Edward Lowassa 6,072,848. Bamdogo yumo kwenye hizo milioni sita. Kwa hesabu yangu ya mikoa angeishia Njombe, hesabu ya taifa isingejua kama alitoka nyumbani.

Halafu akaniuliza nililokuwa naliogopa. "Na wewe kura yako iko wapi?"

Nilikuwa nimejiandikisha palepale nyumbani, kisha nikaenda Dar kutafuta maisha. Siku chache kabla ya uchaguzi mbunge wetu, Deo Filikunjombe, alifariki kwenye ajali ya helikopta, na uchaguzi wa ubunge Ludewa ukasogezwa hadi Disemba. Oktoba 25 kura ya rais ilipigwa kama kawaida, kwa sababu ile haikuwa ya jimbo, ilikuwa ya nchi nzima. Mimi nikajiambia: nauli yote hiyo kwa kura moja kati ya zaidi ya milioni 15? Sikwenda. Bamdogo alikwenda, tena wiki ya msiba.

Usiku sikulala vizuri, nikawa nakumbuka historia tuliyosoma. Zanzibar, Julai 1963: ASP walipata kama asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 kati ya 31. ZNP na ZPPP kwa pamoja wakapata viti 18 na serikali. Uhuru ukaja Desemba 10, Mapinduzi yakaja Januari 12, 1964. Yapo mengi yaliyochangia, siwezi kuyamaliza kwa hesabu hiyo moja. Ila watu walio wengi wakiambiwa wameshindwa kwa sababu ya mipaka ya majimbo, hawasahau.

Kenya wana njia nyingine. Mgombea anatakiwa apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47. Kura ya Turkana ni sawa na ya Nairobi, ila huwezi kushinda kwa kwenu tu. Sharti la nusu waliliweka kwenye Katiba ya 2010, baada ya kuona Moi akipita mwaka 1992 na kama asilimia 36.

Sisi tulikwenda kinyume. Sharti la zaidi ya nusu tulikuwa nalo, tukaliondoa kwa mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000. Rasimu ya Jaji Warioba ilitaka lirudi. Mikoa tunaikumbuka kwenye fomu tu: mgombea urais anatafuta wadhamini 200 kwa kila mkoa, mikoa 10, miwili iwe ya Zanzibar. Akishapita hapo, anayeongoza ndiye rais.

Kwa hiyo nilibadili msimamo. Kura ya rais ibaki ya mtu, nusu irudi, na tukitaka kuibana mikoa tufanye kama Kenya. Asubuhi nikampelekea bamdogo hoja yangu mpya, nikidhani atafurahi.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Sawa," akasema. "Lakini Oktoba sikwenda."

Bamdogo hajawahi kukosa tangu 1995. Nikamuuliza kwa nini, ingawa najua nyote mnajua. CHADEMA hawakuwamo, mwenyekiti wao Tundu Lissu alikuwa rumande kwa kesi ya uhaini, Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo alienguliwa. Siku ile ya Oktoba 29 kukawa na maandamano, watu wakafa, intaneti ikazimwa. Ushindi ukatangazwa kwa asilimia 97.66.

"Mwaka 2015 nilishindwa, nikahesabiwa," akasema. "Safari hii jina nililotaka halikuwepo. Sasa hiyo nusu yako na hiyo robo ya Kenya unamhesabia nani?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Bado naamini zile hesabu zina maana, na iko siku tutazihitaji. Lakini mzee aliyekuwa akienda kituoni miaka yote hiyo akijua hapa kwao atashindwa, mwaka 2025 alikaa nyumbani. Na mimi niliyekaa nyumbani 2015 kwa sababu ya nauli sina mdomo wa kumlaumu.

Wakati naondoka aliniuliza kama kadi yangu ninayo. Nimeitafuta tangu nirudi, sijaiona.

Wenzangu mnaoishi mbali na mlikojiandikisha, ninyi mnafanyaje? Karibuni tujadili.