Yai Halina Kesi, Kesi Ni Kikaango Chako

Leo ni mayai, na najua mtanivamia kwa hii.

Mwaka jana nilianza kupiga chuma hapa Kanja, kwa ile jimu yetu ya mikebe ya rangi iliyojazwa simiti. Msee mmoja akaniambia nikitaka mwili nile mayai sita kila siku. Nikatii. Trei ilikuwa inaisha siku tano. Baada ya miezi mitatu mikono ilikuwa imejaa kidogo, lakini kitambi ndicho kilishinda wote.

Shosho akaniambia, "Hayo mayai yatakuua. Yana kolesteroli." Yeye mwenyewe aliacha mayai tangu aambiwe ana presha. Asubuhi anakunywa chai na mandazi mbili, basi. Nikamcheka.

Halafu nikapiga hesabu. Yai moja kubwa lina kalori kama 70 na gramu 6 za protini. Sita ni kama 420. Lakini nilikuwa nayakaanga na vijiko vitatu vikubwa vya mafuta ya kuganda, na kila kijiko ni kama kalori 120. Hapo ni 360 zingine, na bado sijahesabu chapati mbili za kusindikizia. Ukila kuliko unavyotumia, mwili unaweka akiba, na benki yake ni tumbo. Yai lilisingiziwa tu.

Na kolesteroli je? Yai moja lina kama miligramu 186, zote kwenye kiini. Lakini kolesteroli nyingi mwilini inatengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini. Kwa watu wengi, ukila nyingi, mwili unapunguza ile unayotengeneza. Mwaka 1964 George Mann na wenzake waliandika kuhusu Wamaasai wa Tanganyika: maziwa na nyama kwa wingi, lakini kolesteroli ya damu iko chini. Mwongozo wa lishe wa Marekani wa 2015–2020 nao ukaondoa kile kikomo chake cha miligramu 300 kwa siku. Kinachopandisha LDL, ile kolesteroli mbaya, zaidi ni mafuta ya kuganda: siagi, mafuta ya nyama, na yale yangu ya kikaangoni.

Sasa usikimbie kununua trei. Miili haifanani. Kuna watu ambao mayai yanawapandisha kweli, kuna familia zinazorithi kolesteroli ya juu, na mwenye kisukari anafaa kuwa makini zaidi.

Mimi nilijua hivyo kwa aibu. Nilimpeleka shosho Embu mjini kupimwa damu, nikasema wacha na mimi nipimwe, si niko tu. Majibu yalipokuja, ya shosho yalikuwa sawa. Yangu ndiyo yalikuwa juu. Mimi, kijana wa chuma! Daktari hakuweza kuniambia kama ni mayai, mafuta au chapati, kwa hivyo nilipunguza zote tatu.

Shosho aliambiwa yai moja la kuchemsha halina shida kwake, apunguze chumvi. Miaka yote hiyo alijinyima protini ya bei nafuu kwa sababu ya uoga, na mimi nikajijaza kwa sababu ya msee wa jimu. Hakuna kati yetu aliyekuwa amepimwa.

Siku hizi nachemsha matatu asubuhi: mawili yangu, moja la shosho. Anakula polepole akiniangalia, na sasa ni yeye anacheka.

Wewe ulipimwa lini?