Ishango, pale Semliki inapotoka ziwani

Wamama wenzetu, sisi wa milimani tunajua Ziwa Rutanzige kwa samaki wa chumvi tunaonunua sokoni. Lakini kule chini, karibu na Kyavinyonge, kuna Ishango, pale mto Semliki unapotoka ziwani na kushika njia ya Ziwa Albert. Maji yale hufika mpaka Misri.

Ishango imo ndani ya Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na leo majirani wa ukingo ni viboko. Zamani waliishi wavuvi. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba pale, akakuta vyusa vya mfupa, na kimfupa kimoja cha sentimita 10 hivi, chenye mikato ya safu tatu. Kina miaka 20,000 hivi.

Walihesabu nini? Wachunguzi wanabishana mpaka leo. Wengine wanasema siku za mwezi. Claudia Zaslavsky, mwalimu wa hesabu wa Marekani, aliuliza kama mwenye kuhesabu hakuwa mwanamke. Tulicheka tuliposikia: nani kati yetu hajaweka alama kwenye kalenda?

Kimfupa chenyewe kiko makumbusho ya Brussels. Watoto wetu, wakishindwa shuleni, husema hesabu ni kitu cha Wazungu, nao wamezaliwa safari fupi tu kutoka Ishango! Basi jioni, mkingojea chakula kiive, wachoreeni safu moja chini kwa makaa: mikato 11, halafu 13, 17 na 19. Wajumlishe wenyewe. Jibu ni 60.