KADI YA KLINIKI, SEHEMU YA 4: Nukta moja haitoshi, angalia mstari

Zamu imeisha, wangu wamelala, tuendelee na kadi yetu. Leo ni ile grafu.

Hapa Keza swali la siku ya kupima ni lilelile: "Sista, wangu ana kilo ngapi? Wa jirani ana tisa!" Jamani, kilo peke yake inakuonyesha mtoto alipo leo. Ukiunganisha nukta mbili ndiyo unaona anakoelekea.

Sekondari tulifundishwa mteremko wa mstari: umepanda kiasi gani, gawanya kwa ulivyosogea mbele. Wengi tulijiuliza itatusaidia nini. Ndiyo hii sasa. Kwenye kadi, kupanda ni kilo, kusogea mbele ni miezi.

Tuchukue mfano. Mvulana, miezi 6 ana kilo 9.0, miezi 9 ana kilo 9.0 ileile. Msichana, miezi 6 ana kilo 6.0, miezi 9 ana 6.9. Njiani watu watamsifia nani? Yule wa mashavu!

Piga hesabu. Binti kaongeza gramu 900 kwa miezi 3, yaani 300 kila mwezi. Mstari wa katikati wa wasichana, kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, unatoka kilo 7.3 hadi 8.2 katika miezi hiyohiyo. Nao ni gramu 300 kwa mwezi! Yuko chini, lakini anapanda sambamba na wenzake. Mvulana kapata sifuri. Mstari wake umelala kama uwanja wa mpira. Huyo ndiye nitamwita mama yake pembeni: ameharisha? Alipata malaria? Anakula mara ngapi? Kwa kuwa bado yuko juu kwenye kadi, ni rahisi kupitwa.

Kuna wanaosema hivyo ni vipimo vya Wazungu. Hapana. Vilitolewa 2006 baada ya kupima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, walionyonya maziwa ya mama.

Shika haya matatu:

1. Linganisha kwa umri uleule. Mstari wa katikati wa wavulana unatoka kilo 3.3 akizaliwa hadi 5.6 akiwa na miezi 2, zaidi ya kilo moja kwa mwezi. Kati ya miezi 6 na 12 unatoka 7.9 hadi 9.6 tu, haifiki gramu 300 kwa mwezi. Kwa hiyo usishtuke kasi ikipungua, mradi anafuata mstari wa kadi.

2. Mistari sambamba haikutani. Mtoto aliyepungua kwa ugonjwa akipanda kwa kasi ya wenzake tu, hawafikii. Lazima apande kwa mwinuko mkali zaidi. Ndiyo maana tunasema mwongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili baada ya kupona: uji mzito wenye karanga, ndizi iliyopondwa na maharage, parachichi, yai, dagaa.

3. Mpime na nguo nyepesi kila mara. Sweta linadanganya mzani.

Mstari ukilala au ukishuka, usisubiri mwezi mwingine, njoo kituoni. Akiwa chini ya miezi 6, njoo haraka zaidi.

Usiku huu toa kadi, chukua penseli, unganisha nukta tatu za mwisho. Kisha tazama mstari uliochapishwa hapohapo pembeni. Wa mwanao unapanda nao?

Sehemu ya 5 tutaongelea uji.