Anayeuguza Anatoka Wapi?

Kitenzi kuuguza kimetupa watu wawili. Kuna muuguzi, mwenye sare, cheti na mshahara. Na kuna muuguzaji, mwenye kanga, beseni na chupa ya chai. Huyu wa pili wodini hata jina hana. Anaitwa "ndugu wa mgonjwa": ndugu wa mgonjwa kanunue dawa, ndugu wa mgonjwa toka nje daktari anapita, ndugu wa mgonjwa njoo umgeuze. Anakesha usiku kucha, na kukicha kitabu cha zamu kinaonesha muuguzi peke yake.

Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti mwaka 2018 likasema kazi za matunzo zisizolipwa duniani zinachukua saa bilioni 16.4 kila siku, na robo tatu yake hufanywa na wanawake. Takwimu hiyo niliwahi kuiandika kwenye habari, ikapita kama zinavyopita takwimu. Kilichonifanya nianze kufuatilia jambo hili kwa miguu yangu ni simu ya dada mmoja niliyesoma naye chuo, ambaye sasa yupo Uingereza. Anamuuguza mumewe mwenye ugonjwa wa figo. Serikali ya huko ina posho ya anayemtunza mgonjwa kuanzia saa 35 kwa wiki, lakini viza yake ina sharti la kutogusa fedha za umma. Saa anazo, tena zinabaki. Ruhusa ndiyo hana. Huko, akaniambia, watafiti wanauliza kama mtu mweusi anayemtunza mgonjwa wake anatendewa sawa na Mzungu anayefanya kazi hiyohiyo.

"Na kwenu Mtwara je?" akauliza.

Nikamwambia huku rangi yetu ni moja, ila lipo swali linalofanya kazi ya rangi. Linaulizwa dirishani, taratibu tu, wakati karani anakutazama usoni: mwenyeji wa wapi wewe?

Bibi yangu mzaa mama amelijibu swali hilo zaidi ya miaka 50. Alizaliwa uwanda wa Mueda, ng'ambo ya Ruvuma. FRELIMO walipoanza vita dhidi ya Wareno, Septemba 1964, watu wa kwao walivuka mto kwa maelfu, naye akavuka akiwa msichana. Aliolewa na babu, mtu wa hapa Mtawanya. Usoni ana dinembo, zile chale za Kimakonde za zamani, na Kiswahili chake kina lafudhi ya huko. Huku kusini wanaotoka huko huitwa Wamawia, na jina hilo mara nyingi halitamkwi kwa heshima.

Babu alipata kiharusi mwaka 2017, akalala upande mmoja kwa miaka minne hadi alipofariki. Bibi ndiye aliyemuuguza. Alimgeuza kila baada ya muda ili asitoke vidonda, akamlisha uji kwa kijiko, akafua mashuka kila siku kwa maji ya kuchota. Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, hakuweza kushinda shambani kuokota. Mvua za mwanzo zikazikuta korosho chini, zikaharibika. Hiyo ndiyo gharama ya kuuguza bure, na hakuna anayeiandika.

Tena kuna jambo ambalo sikuliona limeandikwa popote. Sisi Wamakonde ukoo wetu unafuata mama. Mwanamke akielemewa, wanaokuja kumpokea ni dada zake na mabinti wa dada zake. Wanapokezana: huyu wiki hii, yule wiki ijayo. Majirani zetu wenyeji waliuguza hivyo, kwa zamu. Dada zake bibi wako Mueda. Mama yangu, binti yake pekee, alikuwa akifundisha Masasi na kuja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo bibi hakuwa na wa kumpokea. Mto ulikuwa umekata zamu yake.

Halafu kuna dirisha. Sera ya afya ya mwaka 2007 inasema wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bure. Babu alistahili, alikuwa mzawa na kitambulisho anacho. Lakini aliyekwenda kituo kimoja cha afya kumshughulikia alikuwa bibi, na karani akamwangalia yeye. "Bibi, wewe Mmawia? Kitambulisho chako cha taifa kiko wapi?" Akaambiwa alete mwenyeji. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka adhuhuri, mpaka kijana wa jirani alipofuatwa.

Siku nyingine dawa ya presha ya babu ilibadilishwa, kutoka kidonge kizima kuwa nusu. Maelezo akapewa yule kijana, eti bibi hasikii Kiswahili. Bibi anasikia Kiswahili, na ndiye aliyekuwa anampa babu dawa kila siku. Kijana akasahau kusema. Kwa wiki nzima babu alimeza kizima, akawa anapata kizunguzungu kila akikalishwa, na bibi akidhani ugonjwa unazidi.

Nimezunguka vijiji vya kando ya mto, Kilambo, Mahurunga, Kitaya, nikiongea na wanawake wanaouguza. Mmoja huvuta kanga mpaka kwenye nyusi kabla hajafika dirishani. Mwingine humtanguliza mtoto wa darasa la tano, kwa sababu Kiswahili cha mtoto hakina Umsumbiji. Tangu laini za simu zianze kusajiliwa kwa alama za vidole, asiye na namba ya NIDA anatumia laini ya mtu. Maana yake hela ya dawa inayotumwa na watoto Dar inapita simu ya jirani kwanza. Na tangu wavamizi kutoka Cabo Delgado waliposhambulia Kitaya, Oktoba 2020, swali la mwenyeji wa wapi limekuwa kali zaidi. Woga huo naujua na sina haja ya kuucheka. Ila mwanamke aliyebeba uji wa mgonjwa ndiye anayeulipia.

Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku aliniambia ukweli wake: "Wodi nzima niko peke yangu. Bila hawa kina mama tumekwisha, dada yangu." Namwamini. Ndiyo maana nashangaa kwamba mtu asiyeweza kukosekana usiku anaulizwa asili yake asubuhi.

Na Mtwara haijawahi kuwa mbali na habari hii. Wakati wa vita vya ukombozi FRELIMO walikuwa na hospitali yao hapahapa Mtwara, iliyopewa jina la Américo Boavida, daktari Mwangola aliyeuawa mwaka 1968. Majeruhi waliletwa kutoka ng'ambo, na kuwauguza kukahesabiwa mchango wa nchi kwa uhuru wa Afrika. Kile kinyago cha ujamaa, watu waliobebana kama mti, ambacho tunawapa wageni kama alama ya Tanzania, chimbuko lake ni Roberto Yakobo Sangwani, Mmakonde kutoka Msumbiji. Kinyago hatukukiuliza kwao wapi.

Kenya Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walifuata kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi Oktoba 2016 kudai vitambulisho. Wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Walipigania karatasi kwa sababu bila karatasi hata kumpeleka mgonjwa hospitali kunahitaji mdhamini.

Mimi ninachoomba ni kidogo kuliko hicho. Jina la anayeuguza liandikwe kwenye kumbukumbu za mgonjwa. Maelezo ya dawa apewe anayeshika dawa. Na haki ya mgonjwa isipimwe kwa uso wa aliyemleta.

Naandika haya sasa kwa sababu zamu ya kuuguzwa imemfikia bibi. Miguu imevimba, macho hayaoni mbali. Mama amestaafu na amerudi kukaa naye, na mama ana lafudhi ya Mtawanya, kwa hiyo dirishani mambo yanakwenda haraka. Bibi ameliona hilo. "Wewe wanakusikia," alimwambia, kisha akanyamaza.

Daftari lake la kliniki, lile la shule la kurasa 40, lina jina lake, umri na kijiji juu ya jalada. Wiki iliyopita nilichukua kalamu nikaongeza mstari chini yake: *Anayemuuguza ni*, halafu jina la mama. Daktari alipolifungua alisoma, akainua kichwa, akamwita mama kwa jina.