Anayesahau si Mchawi

Ndugu mtahiniwa, katika Uraia umejifunza kwamba kila mtu ana haki ya kuishi, na katika Baiolojia umesoma kwamba ubongo ndio unaotunza kumbukumbu. Masomo hayo mawili hukutana nyumbani kwa mzee anayeishi peke yake na ambaye kumbukumbu zake zimeanza kupotea.

Bibi yangu mzaa mama anaishi katika kijiji kimoja wilayani Magu, mkoani Mwanza. Alizaa watoto sita, na wote walihamia mijini kutafuta maisha. Babu alipofariki, bibi alibaki na kuku wake, mbuzi wawili na shamba la mihogo. Fedha alitumiwa kwa simu, na kila alipopigiwa alijibu kuwa hajambo. Kumbe alikuwa akitia chumvi mara tatu katika mboga ile ile, na akinunua mafuta ya taa wakati chupa zilizojaa zimejipanga chini ya kitanda.

Hatari ilikuja alipoanza kutoka usiku. Alikuwa akimtafuta babu, akiamini kuwa bado hajarudi kutoka malishoni. Siku moja, saa nane usiku, alikutwa amesimama uani kwa jirani. Kama unatoka Kanda ya Ziwa, unajua kikongwe anayezunguka usiku katika miji ya watu huitwa nani. Mikoa ya Shinyanga na Mwanza imeshuhudia vikongwe wakiuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi huletwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi.

Jirani yule hakupiga yowe. Alimshika mkono, akamwambia, "Bibi, njoo unywe uji kwanza, halafu nitakusindikiza." Alfajiri akampigia mama yangu simu.

Hospitalini daktari alitueleza kwamba bibi ana demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu, fikra na uwezo wa kujihudumia. Aina yake inayowapata wengi huitwa Alzheimer, kwa jina la daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, aliyeeleza habari za mgonjwa wake mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 55 duniani wana demensia. Kusahau ulikoweka kisu ni jambo la kawaida. Kukishika kisu na kutojua ni cha kazi gani ni dalili ya ugonjwa. Alzheimer haijapata dawa ya kuiponya. Hata hivyo, kusahau kunaweza pia kuletwa na upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingoni, sonona au baadhi ya dawa, na hayo yanatibika. Ndiyo maana mzee anayesahau apelekwe hospitali mapema.

Tuliporudi, mwenyekiti wa kitongoji aliwaeleza wanakijiji kwamba bibi ni mgonjwa. Binamu yangu alihamia kwake, na mlango ukawekwa komeo la juu. Leo bibi huniita kwa jina la mjomba, nami huitika.

Mwezi Novemba utamaliza mtihani, kisha utakaa nyumbani kusubiri matokeo. Nakupa kazi tatu ambazo hazina alama.

Kwanza, mtembelee mzee anayeishi peke yake karibu nanyi. Usiishie kwenye "Shikamoo" ya barazani. Angalia kama amekula, kama moto umezimwa na kama dawa zake anazimeza kwa wakati. Mgonjwa wa kusahau hawezi kuueleza ugonjwa wake, kwa sababu hata huo ameusahau.

Pili, usibishane naye. Akikuuliza jambo mara ya tano, mjibu kama ulivyomjibu mara ya kwanza. Akimtafuta marehemu, mwulize habari zake. Atakusimulia na moyo wake utatulia.

Tatu, ukisikia watu wakinong'ona neno "mchawi", wewe sema "mgonjwa", na uwe wa kwanza kusema. Kisha mweleze mtu mzima unayemwamini, mtendaji wa kijiji au afisa ustawi wa jamii. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mtu mwenye miaka 60 na kuendelea kuwa mzee anayestahili kutunzwa na kulindwa.

Bibi yangu yu hai kwa sababu mtu mmoja aliuliza kabla ya kuhukumu. Jirani huyo hakuwa daktari wala hakufika kidato cha nne. Wewe umefika, na sasa unajua dalili ambazo yeye hakuwahi kufundishwa. Zitumie.