Betri Mpya, Chaja ya Zamani

Jumamosi, 2 Novemba 2024. St. Paul, Minnesota
Betri za maji zimetoka kwenye gari-nyumba, zimeingia mbili za lithiamu. Kila moja ni volti 12.8, ampea-saa 100. Kwa pamoja wati-saa 2,560. Zile za zamani nilikuwa sizishushi chini ya nusu kwa kuogopa kuziua mapema. Hizi zinaruhusu kushushwa hadi asilimia 20 bila wasiwasi.
Konvata, yaani chaja iliyo chini ya kabati, bado ni ileile iliyokuja na gari. Inatoa volti 13.6. Hiyo inatosha kuituliza betri ya maji iliyokwisha kujaa. Lithiamu inataka 14.2 hadi 14.6, la sivyo seli zake nne hazilingani.

Jumapili, 3 Novemba
Nimechomeka kwenye soketi ya gereji nione. Ampea zimeanza vizuri, kisha zikawa zinapungua saa baada ya saa. Konvata haiharibu kitu, ila haimalizi kazi. Mke wangu ameuliza kama zimejaa. Volti hazisemi: betri hizi zikiwa na asilimia 40 au 70, tofauti ni ndogo mno. Anayejua ni mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Nimeagiza mita na chaja ya ampea 45.

Jumatano, 6 Novemba
Shemeji amepiga simu kutoka Morogoro. Yeye ni fundi wa sola, lithiamu anazijua.
"Shemeji, huko umeme wenu ni volti ngapi?"
"Mia na ishirini."
"Basi angalia waya."
Anasema kweli. Wati zilezile, kwenye volti 120 zinavuta ampea karibu mara mbili ya kule kwenye 230, na kinachochemsha waya ni ampea. Tumepiga hesabu pamoja. Chaja itatoa wati kama 650 na kuvuta kama 760 ukutani, yaani ampea 6 na kitu. Soketi ni ya 15, ila kwa mzigo wa saa nyingi kikomo ni 12. Hita ya wati 1,500 peke yake inavuta 12.5. Ikiwashwa pamoja na chaja, breka lazima ishuke.

Jumamosi, 9 Novemba
Chaja imefungwa. Nimechagua mpangilio wa lithiamu na kuzima ule wa kusawazisha betri za maji kwa volti nyingi. Waya wa ekstensheni ni mnene na mfupi, nao nimeukunjua wote. Uliobiringishwa hufungia joto ndani. Kutoka asilimia 20 hadi kujaa ni ampea-saa 160, kwa hiyo saa tatu na nusu, na zaidi kidogo mwishoni. Nimeishika plagi: vuguvugu tu. Ingekuwa ya moto ningeichomoa.

Jumamosi, 30 Novemba
Baridi imeshuka chini ya sifuri. Mke wangu ameniita: "Taa ya chaja inawaka, mbona ampea ni sifuri?" Saketi ya ulinzi ndani ya betri imekataa, na imefanya vyema. Ukichaji seli hizi kwenye baridi kama hii, lithiamu hugandamana kama metali juu ya grafiti ya seli badala ya kuingia ndani yake. Hasara hiyo hairudi, na inaweza kuleta shoti. Kutumia umeme uliomo kwenye baridi hii kunaruhusiwa. Kuingiza mwingine hapana.
Nimezitenganisha betri na gari zikiwa na zaidi ya nusu kidogo. Zitakaa hivyo hadi machipuko, kwani hazivuji chaji kama zile za maji wala hazihitaji kuchomekwa kila siku.
Uamuzi wangu ni huu: anayehamia lithiamu ahesabu bei ya chaja pamoja na bei ya betri, na asichaji kabla ya kutazama kipimajoto.